Chaja imevuka bahari, uhuru wa kuchagua umebaki Ulaya



Tarehe 23 Aprili 2025 Tume ya Ulaya iliitoza kampuni ya Apple faini ya euro milioni 500. Siku hiyo hiyo iliitoza Meta, kampuni yenye Facebook na WhatsApp, faini ya euro milioni 200. Huku kwetu mashariki habari hiyo ilipita bila watu wengi kuisikia. Vita ilikuwa imeingia Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili. Benki za Goma zilikuwa zimefunga milango, na makanisa yetu yalikuwa yakiwatafutia wakimbizi chakula na mablanketi. Nani angekuwa na nafasi ya kufuata kesi za makampuni tajiri ya ng'ambo?

Lakini katika miezi hiyo hiyo tuliona jambo moja kwa macho yetu. Benki zilipofungwa, simu ndiyo iliyobaki. Msaada wa ndugu walio mbali ulifika kwa simu. Habari ya nani yuko hai na nani amekimbilia wapi ilifika kwa simu. Vikundi vya maombi viliendelea kwa WhatsApp pale ambapo watu walishindwa kukutana. Kitu kinachobeba maisha yetu namna hiyo, inafaa tujue mlango wake umeshikwa na nani, na kwa masharti gani. Faini zile za Ulaya zilihusu mlango huo.

Tunataka kueleza kesi hizo kwa maneno mepesi, kisha kusema jambo moja: haki ambazo watu wa Ulaya na Japani wamezipata juu ya simu zao hazitatufikia zenyewe. Itatupasa kuzidai kwa sheria zetu.

Soko lenye mlango mmoja

Tufikirie soko kubwa, kama lile la Kadutu kule Bukavu au la Virunga kule Goma. Tuseme soko hilo lina mlango mmoja tu, na mlango ni mali ya mtu mmoja. Anakata sehemu ya kila mauzo. Tena yeye mwenyewe ana meza ndani, na ameiweka mbele kabisa, mahali ambapo kila anayeingia ataiona kwanza. Mama anayeuza unga hana ruhusa ya kumwambia mteja: "Unga huu huu, nyumbani kwangu nauza kwa bei ya chini." Akithubutu, anafukuzwa sokoni.

Duka la programu katika simu linafanya kazi hivyo. Mwenye iPhone, kwa muda mrefu, hakuwa na njia nyingine ya kutia programu katika simu yake isipokuwa duka la Apple. Mwenye simu ya Android anaweza kutia programu kutoka mahali pengine, lakini duka la Google ndilo linalokuja ndani ya simu tayari, na watu wengi hawajui kwamba kuna njia nyingine. Kwa miaka mingi makampuni hayo mawili yamekata hadi asilimia 30 ya pesa zinazolipwa ndani ya programu kwa vitu vya dijitali, kama muziki, michezo na vitabu. Wauzaji wadogo hukatwa asilimia 15. Tuseme mwimbaji wa Uvira anauza albamu yake ndani ya programu kwa dola 10: kati ya dola moja na nusu na dola tatu zinabaki mlangoni, hata kabla ya kodi na mega.

Apple ilipigwa faini kwa sababu ya lile katazo la mama wa unga. Iliwazuia wenye programu kuwaambia wateja wao kwamba nje ya duka kuna bei nyingine. Mwaka mmoja kabla, Machi 2024, ilikuwa imekwisha kutozwa zaidi ya euro bilioni 1.8 kwa kosa la namna hiyo hiyo, baada ya Spotify, kampuni ya muziki ya Sweden, kuishitaki. Kosa la Meta lilikuwa tofauti kidogo. Iliwawekea watumiaji wa Ulaya njia mbili tu: kubali tuchanganye habari zako zote kwa ajili ya matangazo, au lipa kila mwezi. Tume ikasema kwamba huko si kumpa mtu nafasi ya kuchagua kwa kweli.

Faini za 2025 zilitolewa chini ya Sheria ya Masoko ya Dijitali, ambayo Umoja wa Ulaya uliianzisha Novemba 2022. Mwezi Septemba 2023 Tume ilitaja makampuni sita ya kwanza yanayopaswa kuifuata: Alphabet ambayo ni mama wa Google, Amazon, Apple, ByteDance yenye TikTok, Meta, na Microsoft. Sheria inayaita makampuni hayo kwa jina ambalo sisi tunalijua vizuri kutoka Biblia: mabawabu. Katika hekalu, bawabu alikuwa mtumishi. Alilinda mlango, lakini nyumba haikuwa yake, wala hakuwa na ruhusa ya kugeuza mlango kuwa duka lake.

Tangu tarehe 7 Machi 2024 mabawabu hao wanapaswa kutii mambo kadhaa. Lazima mtumiaji aweze kuondoa programu zilizokuja na simu. Lazima aulizwe ni programu gani anataka itumike kufungulia kurasa za intaneti na kutafuta habari. Lazima maduka mengine ya programu yaruhusiwe. Bawabu hana ruhusa ya kuweka bidhaa zake mbele ya za wengine katika orodha. Na WhatsApp lazima ikubali kuunganishwa na huduma nyingine za ujumbe zikiomba, ili mtu aweze kumwandikia jirani aliye katika programu nyingine. Atakayekataa kutii anaweza kutozwa hadi asilimia 10 ya mapato yake ya mwaka duniani kote.

Matokeo yameanza kuonekana. Baada ya skrini ya kuchagua kuwekwa katika simu za Ulaya, Opera na Mozilla zilitangaza kwamba watu wengi zaidi wanazichagua. Wasomaji wetu wengi wanaijua Opera Mini, kwa sababu inabana kurasa na kuokoa mega. Mtu wa Ulaya aliyenunua simu mpya aliwekewa jina la Opera mbele ya macho yake. Mtu wa Beni mwenye haja kubwa zaidi ya kuokoa mega inambidi aitafute mwenyewe.

Kufuli iliwekwaje

Tunaweza kuuliza: kama kuna programu nyingine nzuri, kwa nini watu wasizichukue tu? Jibu liko katika kesi ya tarehe 18 Julai 2018, pale Tume ya Ulaya ilipoitoza Google euro bilioni 4.34. Mwaka 2022 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilipunguza faini hiyo hadi euro bilioni 4.125, lakini sehemu kubwa ya hukumu ikabaki.

Android hutolewa bure kwa watengenezaji wa simu. Jambo hilo limesaidia dunia, na sisi pia: bila Android, simu za bei nafuu zilizojaa katika butiki zetu, kama Tecno, Itel na Infinix, zisingekuwa zilivyo. Lakini Tume iliona masharti yaliyofichwa nyuma ya neno bure. Mtengenezaji aliyetaka duka la Google katika simu zake alilazimishwa kuweka pia programu ya Google ya kutafuta habari na ile ya kufungulia kurasa. Aliyetaka kuuza simu nyingine zenye Android iliyogeuzwa na watu wengine alinyimwa. Na wengine walilipwa ili kipande cha kutafutia kiwe cha Google peke yake.

Malipo hayo si madogo. Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google, ambayo jaji Amit Mehta aliitolea hukumu Agosti 2024, ilijulikana kwamba mwaka 2021 peke yake Google ililipa zaidi ya dola bilioni 26 ili iwe chaguo la kwanza katika simu na kompyuta. Mwaka 2022 Apple peke yake ilipokea kama dola bilioni 20. Hakuna anayelipa pesa kama hizo kwa kitu kisicho na maana. Google inajua kwamba watu wengi, wakikuta kitu kimewekwa tayari, hawakigusi tena. Anayeamua kitakachowekwa tayari ameamua kwa niaba yao.

Tuliona pia jinsi kufuli hiyo inavyoweza kumfungia nje hata mtengenezaji mkubwa. Mwezi Mei 2019 serikali ya Marekani iliiwekea vikwazo Huawei, na simu zake mpya zikatoka bila duka la Google. Simu zenyewe zilikuwa nzuri, kamera nzuri, betri nzuri. Wateja wengi nje ya China wakazikimbia, maana programu walizozizoea hazikupatikana kwa urahisi. Mkono mmoja wa Washington uligusa Google, na mtu aliyekuwa akitafuta simu ya kununua Bunia au Kisangani akakuta chaguo moja limepungua.

Kwa nini chaja imefika na haki hazikufika

Hapa tunafika kwenye jambo kubwa la makala hii.

Umoja wa Ulaya uliamua kwamba kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 simu zote mpya zinazouzwa huko ziwe na tundu moja la chaja, lile la USB-C. Apple ilipinga kwa miaka. Mwishowe, Septemba 2023, ilitoa iPhone 15 yenye tundu hilo, na ikaitoa hivyo kwa dunia nzima. Leo mtu wa Goma mwenye iPhone mpya anaweza kuomba chaja ya jirani mwenye Tecno. Hakuna mbunge wetu aliyepiga kura juu ya jambo hilo. Sheria ya Bruxelles ilimfikia ndani ya boksi la simu.

Wengine wanafikiri kwamba haki nyingine zitafika vivyo hivyo, tukingoja. Tunaona kwamba wanajidanganya. Tundu la chaja ni kitu cha kiwandani. Kutengeneza simu za namna mbili kuna gharama, kwa hiyo ni rahisi zaidi kutengeneza namna moja. Programu haina shida hiyo. Kampuni inaweza kuandika katika simu: mtu huyu yuko Ufaransa, mfungulie, huyu yuko Kongo, mfungie. Haiigharimu kitu. Na hivyo ndivyo ilivyofanyika. Machi 2024 Apple ilipofungua njia kwa maduka mengine ya programu, iliifungua kwa nchi 27 za Umoja wa Ulaya tu. Simu ile ile, kutoka kiwanda kile kile, inafunguka Bruxelles na inabaki imefungwa Bukavu.

Tukiangalia nchi nyingine zilizofunguliwa mlango, tunakuta kila mara kuna sheria au hukumu ya huko huko. Korea Kusini ilipitisha sheria mwaka 2021 inayokataza duka la programu kulazimisha njia yake moja ya malipo. Japani ilipitisha sheria ya programu za simu Juni 2024, nayo ikaanza kutumika kikamilifu Desemba 2025; Apple ikatangaza kwamba nayo Japani itaruhusiwa maduka mengine. Marekani, jaji Yvonne Gonzalez Rogers aliamua tarehe 30 Aprili 2025 kwamba Apple imevunja amri yake ya zamani, akailazimisha kuwaacha wenye programu waelekeze wateja nje ya duka bila kuwakata kitu. Mahali ambapo hakuna sheria wala hukumu, mlango umebaki kama ulivyokuwa.

Bara letu lina mfano wake. Julai 2024 tume ya ushindani na ulinzi wa walaji ya Nigeria iliitoza Meta faini ya dola milioni 220 kwa ajili ya masharti ya WhatsApp. Moja ya mashitaka lilikuwa hili: Wanigeria walitendewa kwa namna tofauti na watu wa nchi nyingine zenye sheria kama yao, na hawakupewa nafasi ya kuamua juu ya habari zao wenyewe. Meta ilikata rufaa, na Aprili 2025 baraza la rufaa likaithibitisha faini hiyo. Kumbe nchi ya Afrika inaweza kuuliza swali hilo na kupata jibu.

Hoja za upande wa pili

Haki inatutaka tusikilize pande zote. Makampuni haya yana hoja, na baadhi ni nzito.

Ya kwanza ni usalama. Apple na Google husema kwamba mlango mmoja huzuia wezi. Kuna ukweli hapa. Wezi wapo, nao hutengeneza programu za uongo zinazoiba namba za siri, na kwetu sisi, ambao simu imekuwa benki, wizi wa namna hiyo unaweza kumaliza karo za watoto kwa dakika moja. Hatutaki mlango ubaki bila mlinzi. Lakini kazi ya mlinzi ni kukagua kama kuna silaha katika mfuko. Hiyo haimpi haki ya kukataza mfuko kwa sababu umenunuliwa kwa jirani, wala ya kudai theluthi ya kilichomo. Sheria ya Ulaya yenyewe inawaruhusu mabawabu kuchukua hatua za usalama, mradi zisizidi kiasi kinachohitajika.

Ya pili ni kwamba sheria hizi zinachelewesha vitu vipya. Ni kweli kwamba Apple iliwanyima watu wa Ulaya kwa muda baadhi ya mambo mapya ya iPhone, ikisema sheria ndiyo sababu. Kila nchi itakayoweka sheria inapaswa kupima hasara hiyo. Sisi tulio huku tunaweza kuongeza tu kwamba vitu vipya hutufikia kwa kuchelewa hata bila sheria yoyote.

Hoja ya tatu haitoki kwa makampuni. Inatoka kwetu, na ndiyo inayotugusa zaidi. Mkongomani akisikia kwamba serikali inataka kusimamia simu, anashika mfuko wake. Ana sababu. Mwaka 2020 ulianza ule mpango wa kuandikisha simu uliojulikana kama RAM. Ulisemwa kuwa ni wa kulinda watu dhidi ya simu za wizi na za bandia. Watu waliona yuniti zao zikikatwa: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu ya 3G au 4G. Baada ya malalamiko mengi, bungeni na barabarani, ulifutwa mwaka 2022. Tena tunakumbuka siku zile baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ilipokatwa nchi nzima kwa karibu wiki tatu. Mtu aliyeishi hayo ana haki ya kuogopa kumpa mkubwa mwingine ufunguo wa pili.

Kwa hiyo tunasema wazi: sheria tunayoitaka iwe mzigo kwa mwenye mlango, na isimguse mwenye simu hata kwa faranga moja. Sheria ya Ulaya haimtozi mnunuzi wa simu kitu, wala haimpi waziri kitufe cha kuzima intaneti. Tukiletewa mradi wa sheria wenye jina zuri la ushindani na ndani yake tukakuta kodi ya kila simu, tutajua kwamba ni RAM imerudi na nguo mpya.

Wahunzi wa Wafilisti

Katika 1 Samweli 13:19-22 kuna habari ambayo huwa hatuihubiri mara nyingi. Wafilisti walihakikisha kwamba hakuna mhunzi katika nchi yote ya Israeli. Mwisraeli aliyetaka kunoa jembe au shoka alishuka kwa Wafilisti na kulipa kwa fedha. Siku ya vita, hakuna aliyekuwa na upanga isipokuwa Sauli na Yonathani.

Tuangalie vizuri yaliyoandikwa. Waisraeli walikuwa na majembe. Walilima, walivuna, walikula. Mtu aliyepita njiani asingeona utumwa wowote. Ubaya wa mpango ule ulionekana siku walipohitaji kitu ambacho mwenye tanuru hakutaka wawe nacho.

Nasi tuna simu, tunazitumia, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Koltani inayochimbwa Rubaya kule Masisi ni chanzo cha tantali, madini yanayotumika katika vipande vidogo vilivyo ndani ya simu. Jiwe linatoka kwetu kwa bei ya mchimbaji, kisha simu inarudi na masharti ambayo hakuna mtu wa kwetu aliyeulizwa. Na tanuru la kunolea liko mbali.

Jambo moja linalokuja litatuonyesha maana ya hayo. Vijana wetu wamezoea kutumiana programu kwa Bluetooth au kwa Xender, simu kwa simu, bila kutumia hata mega moja. Biblia, vitabu vya nyimbo, masomo ya watoto, vingi vimeenea vijijini kwa njia hiyo. Mwezi Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba simu za Android zenye kibali chake zitakubali tu programu za watu waliojiandikisha na kuthibitishwa kwake, hata kama programu haikutoka katika duka lake. Utaratibu umepangwa kuanza Septemba 2026 katika nchi nne, Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha kuenea duniani kuanzia 2027. Nia iliyotajwa ni kuzuia wezi, na Google imesema itaacha njia kwa wanafunzi na kwa watumiaji wenye uzoefu. Tunapenda kuamini hivyo. Lakini kijana wa Butembo aliyetengeneza programu ya nyimbo kwa lugha yake atajithibitisha kwa hati gani? Wengi wetu hatuna kitambulisho kingine isipokuwa kadi ya uchaguzi. Wengi hawana kadi ya benki. Kama masharti yataandikwa kwa kumfikiria mtu wa California tu, programu yake haitaingia tena katika simu za mama zetu, na hakuna atakayejua kwa nini.

Tunachoweza kuomba na kufanya

Nchi yetu haiko mikono mitupu. Tuna sheria ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani. Tuna kitabu cha sheria za dijitali cha tarehe 13 Machi 2023. Tuna ARPTC inayosimamia mawasiliano. Tena Kongo ni mwanachama wa COMESA, yenye nchi 21 na tume yake ya ushindani kule Lilongwe, Malawi. Na tangu 2022 tuko katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kampuni kubwa inaweza kuidharau nchi moja. Ni vigumu zaidi kudharau soko la nchi ishirini zinazosema neno moja.

Tunaomba mambo manne kutoka kwa wabunge wetu na kwa wanaotuwakilisha katika jumuiya hizo.

Kwanza, haki ambayo kampuni imekwisha kuitoa Ulaya au Japani juu ya simu ile ile, itolewe na kwetu. Imekwisha kutengenezwa, gharama ya kuifungua hapa ni ndogo.

Pili, mwenye programu awe huru kulipwa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, na kumwambia mteja wake bei ya nje ya duka.

Tatu, uthibitisho wa watengenezaji wa programu ukubali hati ambazo watu wetu wanazo, na njia ya kutumiana programu mkono kwa mkono isifungwe.

Nne, kodi yoyote juu ya simu isipandikizwe katika sheria hiyo.

Viongozi wa Kanisa la Kristo katika Kongo huzungumza na serikali juu ya shule, afya na amani. Tunawasihi waongeze jambo hili katika orodha, kwa sababu shule, afya na amani, vyote sasa vinapita ndani ya simu.

Na katika makanisa tunaweza kuanza bila kungoja Kinshasa. Kanisa linalopokea sadaka kwa simu liwe na namba za rezo zaidi ya moja, ili muumini asilazimishwe kuhama. Kwaya au idara inayotengeneza programu itengeneze pia ukurasa wa kawaida wa intaneti unaofunguka katika simu yoyote. Majina na namba za waumini yasihifadhiwe ndani ya kundi la WhatsApp peke yake. Yaandikwe pia katika daftari la kanisa, maana kundi likifungwa na kampuni hakuna mlango wa kubisha. Idara ya vijana ichague Jumamosi moja kuwaonyesha mama na papa zetu jinsi ya kuondoa programu zisizohitajika na kuchagua ile inayookoa mega, na jinsi ya kutambua programu ya wezi. Kazi hiyo haihitaji dola hata moja.

Tunaomba kila kanisa linalosoma makala hii limtafute mbunge wa eneo lake, popote alipo sasa, na kumwuliza swali moja: simu hii inayofunguka Ufaransa, kwa nini imefungwa kwetu? Jibu atakalotoa, mtuandikie, nasi tutalichapisha hapa.

Bwana awape amani na kuwalinda.